Namna ya Kupanda Jukwaani Ukiwa na Woga: Mwongozo kwa Msanii Anayeanza

Kila mwaka Tamasha la Sanaa na Utamaduni la Bagamoyo linapokaribia, na kila msimu wa harusi unapoanza, wasanii wanaoanza huuliza maswali yale yale. Kwa nini ninaimba vizuri nikiwa chumbani lakini sauti hukatika mbele ya watu? Kwa nini beti nilizozihifadhi mwezi mzima hupotea mara tu mshereheshaji anapolitaja jina langu? Je, ipo dawa? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya muulizaji huyo, awe ni mwimbaji wa taarabu, mcheza ngoma, mghani wa mashairi, mpiga marimba au mwigizaji. Jibu kwa ufupi ni kwamba sanaa yenyewe ni kazi moja na kutazamwa ni kazi nyingine, na wengi hufanya mazoezi ya ile ya kwanza tu. Jahazi halijaribiwi likiwa juu ya magogo. Hatua zilizo hapa chini ni mazoezi ya ile kazi ya pili.

Nadharia kidogo inatosha. Mwili unapohisi kwamba unatazamwa na kupimwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, na damu hupungua kwenye ngozi na tumbo ili misuli mikubwa ipate zaidi, ndiyo maana vidole hupoa, tumbo huvurugika na mate hukauka. Hali hiyo haina uhusiano wowote na kukosa kipaji. Mwigizaji Laurence Olivier wa Uingereza alishikwa na woga mkali wa jukwaa katika miaka ya 1960, wakati alikuwa mashuhuri kwa miongo kadhaa na ndiye aliyekuwa akiongoza National Theatre mjini London. Kwa hiyo usisubiri siku ambayo jakamoyo litakuwa limekwisha ndipo upande jukwaani, kwa sababu kinachotafutwa hapa ni kuweza kufanya kazi yako jakamoyo likiwa lipo.

Mahitaji kabla ya kuanza

Uwe na muda wa wiki nne hadi sita kabla ya onyesho. Ukiwa na wiki moja tu, fanya hatua ya 2, ya 3 na ya 6, nyingine ziache. Chagua kipande kimoja kifupi cha dakika tatu hadi tano ambacho tayari unakiweza, kwa kuwa si busara kujifunza wimbo mpya na kuzoea kutazamwa kwa wakati mmoja. Tafuta daftari, simu yenye kamera, chupa ya maji, na mavazi yale yale utakayovaa siku ya onyesho pamoja na viatu vyake, au miguu mitupu ikiwa ndivyo utakavyocheza. Mwisho, mpate mtu mmoja unayemwamini ambaye hatakucheka na pia hatakusifia ovyo. Huyu ndiye mgumu kupatikana kuliko vyote, na mara nyingi si rafiki wa karibu sana.

Hatua

1. Andika jinsi woga wako unavyokuja. Kaa na daftari, ukumbuke mara ya mwisho uliposimama mbele ya watu, hata kama ilikuwa ni darasani au kwenye maulidi ya mtaani. Andika mambo matatu: mwili ulifanya nini, kichwani ulijiambia maneno gani, na ulifanya nini ili uepuke. Mmoja ataandika kwamba magoti yalitetemeka, mwingine kwamba aliimba haraka ili amalize, mwingine kwamba alijificha nyuma ya wenzake katika mstari wa wachezaji. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini mtu anayesema tu kuwa anaogopa hana pa kuanzia, ilhali aliyeandika kwamba mdomo hukauka na kwamba humwogopa shangazi yake aliyekaa mbele tayari ana mambo mawili ya kufanyia kazi.

Ikiwa katika orodha yako yamo macho ya familia, yashughulikie mapema. Katika miji yetu ya pwani bado wapo wazee wanaoona kwamba jukwaa ni uhuni, hasa kwa binti, na msanii anayeimba huku akijiuliza kama baba yake amesikia habari zake hawezi kuimba kwa moyo mmoja. Nenda ukawaamkie, uwaeleze utaimba nini, wapi, saa ngapi na utarudi na nani. Huenda wasikubali. Hata hivyo, kuimba ukijua msimamo wao ni rahisi kuliko kuimba ukiuotea.

2. Kihifadhi kipande kwa vituo. Wengi huhifadhi kwa mnyororo, yaani mstari wa kwanza huuvuta wa pili, wa pili huuvuta wa tatu, na pete moja ikikatika hakuna pa kushika. Gawanya kipande chako katika vituo vitano au sita, na kila kituo ukipe jina: ubeti wa bandari, kibwagizo cha pili, pale manyanga yanapoingia, na kadhalika. Kisha andika majina hayo kwenye vikaratasi, uvichanganye, uvute kimoja bila kuangalia, na uanzie hapo hapo. Ukiweza kuanzia ubeti wa tano bila kupitia wa kwanza, basi ukisahau jukwaani unaruka kwenda kituo kinachofuata, na wasikilizaji wengi hawatajua.

Mwaka 1967 mwimbaji Barbra Streisand alisahau maneno ya nyimbo zake mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Central Park mjini New York, na baada ya hapo alikaa zaidi ya miaka 20 akikwepa maonyesho ya hadhara yenye kiingilio. Kilichomuumiza hakikuwa kusahau peke yake. Aliendelea kuogopa kwamba atasahau tena. Mwenye vituo hupunguza hofu hiyo kwa sababu anajua atashika wapi.

Angalizo: usirudie kipande chako kuanzia mwanzo kila unapokosea katika mazoezi. Tabia hiyo hukufundisha kwamba kosa ni mwisho wa safari, nawe jukwaani hutakuwa na nafasi ya kurudi mwanzo. Ukikosea, endelea hadi tamati, ndipo urudie sehemu iliyokusumbua.

3. Zoeza pumzi kila siku. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lijae wala mabega yasipande, kisha itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu hadi sita. Hiyo ni takribani mizunguko sita kwa dakika. Fanya hivyo kwa dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala. Muhimu ni kwamba utoaji uwe mrefu kuliko uvutaji, kwa kuwa ni wakati wa kutoa pumzi ndipo mapigo ya moyo hupungua kasi. Wanaoanza hulikumbuka zoezi hili dakika mbili kabla ya kuitwa, wakavuta hewa nyingi haraka haraka, wakapata kizunguzungu. Pumzi ambayo haikuzoezwa nyumbani haitakuja yenyewe nyuma ya pazia.

4. Panda ngazi ya watazamaji. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo wengi huruka. Andika ngazi yako mwenyewe kuanzia hali inayokutia woga kidogo hadi ile inayokutia woga sana. Kwa mtu aliye Bagamoyo inaweza kuwa hivi: kwanza kamera ya simu peke yake, kisha yule mtu wako mmoja, kisha watu wa nyumbani baada ya chakula cha usiku, kisha barazani kwa majirani, kisha ufukweni jioni, wakati vijana wanacheza mpira na watu wanapita bila kukujali sana, na mwishoni kundi dogo la wasanii wenzako, ambao ni watazamaji wagumu kuliko umma kwa sababu wanajua ulipokosea. Wa Tanga anaweza kuweka bustani iliyo kando ya bahari mahali pa ufukwe huo.

Katika kila ngazi fuata kanuni tatu. Ya kwanza, vaa na simama kama siku ya onyesho, kwa maana kuimba ukiwa umekaa mkekani na kikombe mkononi si mazoezi ya kutazamwa. Ya pili, usiondoke woga ukiwa kileleni. Maliza kipande, kaa hapo hapo, ongea na watu, na ikiwezekana rudia mara ya pili, mpaka uhisi moyo umeanza kushuka. Anayekimbia woga ukiwa juu huufundisha mwili wake kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na safari ijayo woga utakuja na nguvu zaidi. Ya tatu, usipande ngazi inayofuata mpaka uliyopo imekuwa ya kawaida, si lazima iwe ya raha.

Rekodi kila ngazi kwa simu, lakini usitazame siku hiyo hiyo. Ukitazama siku mbili baadaye utagundua jambo ambalo watafiti wa saikolojia nao wamelipima, kwamba mtu aliye mbele ya watu hudhani woga wake unaonekana sana kuliko watazamaji wanavyouona. Mkono uliodhani unatetemeka kama wa mwenye homa huonekana kwenye picha umetulia, au umetikisika kidogo tu. Usizime sauti, usiruke sehemu mbaya, na usimtumie mtu yeyote rekodi hiyo kabla hujaitazama wewe.

5. Zoea vurugu kwa makusudi. Mwombe mtu wako akuvuruge wakati unafanya kipande: akohoe, aangushe sufuria, apokee simu, aondoke katikati, azime taa. Mwimbaji wa taarabu afanye zoezi moja zaidi, la kutunzwa. Shabiki akiguswa na ubeti huinuka, huja akicheza hadi mbele ya mwimbaji, na kumtunza noti mkononi au hata kwenye paji la uso, tena mara nyingi katikati ya ubeti mgumu. Asiyezoea hushtuka, hucheka au hupoteza maneno, na kosa hilo ni la aibu kwa kuwa limeletwa na mtu aliyekuja kukusifu. Mpe mwenzako vipande vya karatasi, aje navyo huku unaimba, nawe uvipokee kwa mkono mmoja, uitikie kwa kichwa, na usiuache ubeti.

Jaribu pia bila maikrofoni. Umeme hukatika, nyaya hulegea, na fundi mitambo huwa amekwenda kula. Amua mapema utafanya nini: mpiga ngoma ataendelea, mghani atapaza sauti na kusogea mbele, mwimbaji atawaongoza watu katika kibwagizo kwa makofi. Mwenye uamuzi tayari haogopi kukatika kwa umeme.

6. Lifahamu jukwaa kabla ya siku. Omba ruhusa uingie ukumbini wakati hamna watu, hata kwa robo saa. Simama pale utakaposimama, tembea kutoka pembe hadi pembe, hesabu ngazi za kupandia, ujue pazia linafungukia wapi na taa inapiga machoni kutoka upande gani. Kwenye majukwaa ya wazi yaliyo karibu na bahari ongeza jambo la upepo. Alasiri upepo unaweza kuvuma kwa nguvu kiasi cha kuchukua sauti na kupeperusha karatasi, na kanga iliyofungwa kwa mazoea ya nyumbani italegea. Ifunge kwa pini, na karatasi ya maneno, kama ni lazima uwe nayo, ibane kwenye ubao mgumu. Karatasi laini mkononi hukuza mtetemeko hata kama mkono umetikisika kidogo.

7. Siku yenyewe. Kula chakula chepesi saa mbili au tatu kabla ya kupanda, si biriani ya harusini unakoimba. Punguza kahawa. Najua kwamba kahawa chungu ya barazani ni sehemu ya mazungumzo, lakini kafeini huongeza mapigo ya moyo na kutetemesha mikono, na hukaa mwilini kwa saa kadhaa, kwa hiyo vikombe vya alasiri vitakuwa bado vinafanya kazi usiku. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Pasha sauti au viungo moto, lakini usirudie kipande chote mara nyingi, kwa sababu kukisaka siku ya mwisho huleta shaka mahali ambapo hapakuwa na shaka.

8. Dakika kumi za mwisho. Usijiambie utulie. Mwili ambao umeshajaa adrenalini hautulii kwa amri, na kushindwa kutulia huwa ni sababu mpya ya kuogopa. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani alichapisha majaribio ambamo watu walioambiwa waseme kwa sauti kwamba wamechangamka, kabla ya kuimba mbele ya wengine, waliimba kwa usahihi kuliko waliosema kwamba wana wasiwasi. Moyo unaodunda kwa furaha na moyo unaodunda kwa hofu hudunda kwa namna inayofanana sana. Kwa hiyo sema, "Nimechangamka, mwili uko tayari," uruke ruke kidogo, utikise mikono, kisha ufanye mizunguko michache ya pumzi ya hatua ya 3. Kaa mbali na mwenzako anayelalamika kwamba watu ni wengi. Kama unasoma dua, isome sasa. Wapo pia wanaopanda na hirizi; mimi sigombani nao, mradi maneno ya wimbo wameyahifadhi.

9. Nusu dakika ya kwanza jukwaani. Tembea polepole kuliko unavyotaka. Fika mahali pako, simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, legeza magoti, toa pumzi moja ndefu, ndipo uanze. Ukimya huo wa sekunde tatu utauona mrefu kama saa nzima, ilhali mtazamaji atauona kama utulivu wa mtu anayejua kazi yake. Chagua nyuso tatu zenye upole, moja kushoto, moja katikati, moja kulia, uwaimbie hao. Mtu akinuna usimfuate kwa macho, maana huenda anawaza nauli ya kurudi nyumbani. Wala usiombe radhi. Maneno kama "mnisamehe, sauti yangu leo si nzuri" huwafanya watu watafute kasoro ambayo wasingeisikia.

10. Baada ya kushuka. Usiku huo usijadili makosa na mtu yeyote. Kesho yake andika katika daftari mambo mawili yaliyokwenda vizuri na moja la kurekebisha, kisha panga tarehe ya kupanda tena, ikiwezekana ndani ya wiki mbili. Ukikaa miezi sita, utaanzia karibu na chini ya ngazi.

Vitu vya kuepuka

Pombe na bangi hutajwa sana nyuma ya pazia kama njia ya kupata ujasiri. Kinachopatikana ni kutojali makosa, huku makosa yenyewe yakiongezeka: mapigo hupotea, maneno hukorogeka, na mwili hujifunza kwamba bila kulewa haupandi.

Swali la vidonge nalo huulizwa kila mara. Wapo wanamuziki, hasa wa Ulaya na Marekani, wanaotumia propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu ambayo huzuia adrenalini isiharakishe moyo na kutetemesha mikono. Usiinunue kwa ushauri wa msanii mwenzako. Kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa hadi kuhatarisha maisha, na kwa mwenye mapigo ya moyo ya taratibu au shinikizo la chini inaweza kumwangusha. Hilo ni jambo la daktari aliyekupima.

Matatizo yanayojitokeza na la kufanya

*Mdomo umekauka katikati ya wimbo.* Bana kidogo kingo za ulimi kwa meno, mate yatakuja. Weka maji mahali unapoyafikia bila kumgeuzia mtu mgongo, na yasiwe ya barafu.

*Sauti inatetemeka.* Mara nyingi pumzi imepanda kifuani. Subiri kiitikio au sehemu ya ala, toa hewa yote, kisha iache irudi yenyewe chini. Katika onyesho lijalo anza na wimbo ulio katika sauti ya chini, ule wa kupanda uache uwe wa pili au wa tatu.

*Mikono inatetemeka.* Shika maikrofoni kwa mikono miwili, au iache kwenye stendi. Mpiga zeze au marimba aanze na kipande cha mapigo mapana kabla ya kile cha vidole vya haraka.

*Nimesahau kila kitu.* Rukia kituo chochote kinachokujia. Kisipokuja, rudia kibwagizo, kwa kuwa waitikiaji watakusaidia na wewe utapata muda. Mghani asiye na kibwagizo arudie mshororo wa mwisho taratibu, kana kwamba anautilia mkazo.

*Nacheza vizuri kundini lakini nikitakiwa kutoka mbele peke yangu naganda.* Ngazi yako imeruka kidato kimoja. Ongeza kidato cha kutoka mbele mkiwa wawili, kisha peke yako kwa mapigo manane tu na kurudi mstarini, kisha urefushe.

*Natapika au nahara kabla ya kila onyesho.* Sogeza chakula nyuma zaidi, ule ndizi au mkate mkavu, na fika ukumbini mapema ili usihangaike kutafuta choo.

*Nimefuata hatua zote kwa miezi kadhaa na hali inazidi.* Ikiwa woga umekufanya uache mazoezi, ukose usingizi kwa wiki nzima, au uogope hata kuzungumza na watu sokoni, tatizo limevuka mipaka ya jukwaa. Nenda hospitali ya wilaya, ueleze kama ulivyoandika katika hatua ya 1, na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Chukua daftari lako, litampunguzia maswali.